Futi Inayosinyaa

Korotimi Toé, fundi wa maabara ya kunde huko Wagadugu, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: udadisi. Mwingine angesoma jibu la mashine akaenda zake kula. Yeye alirudi kuchungulia hata namba ambazo hakuna aliyeziuliza.

Ndivyo alivyoanza kuishuku aktini. Ukitaka kujua jeni ya kustahimili ukame imeamka kiasi gani kwenye jani, unailinganisha na jeni nyingine isiyobadilika, mmea ushibe maji au unyauke. Hiyo ndiyo futi yako, kama ya mshonaji. Kwa miaka kumi na sita futi yao ilikuwa jeni iitwayo aktini, kwa sababu tu mwalimu wa mkuu wao aliitumia. Korotimi akagundua kwamba majani yakinyauka, aktini nayo hupungua. Na futi ikisinyaa, kitambaa kitaonekana kirefu bure.

Kwa futi hiyohiyo, mbegu yao mpya ya kunde, namba saba, ilionekana shujaa wa ukame, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ingepelekwa kwa wakulima. Kaka zake wanaolima kwao Tougan wangeipanda.

Alimwambia mkuu, Dakta Zoungrana. Lakini Zoungrana ni Mmosi, Korotimi Msamo, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu. Hawasemeshani bila kutukanana.

"We mla vichwa vya mbwa, leo unaifundisha aktini kazi?"

"Mtumwa wangu, namba zako zinadanganya."

"Msamo akibanwa na njaa hata namba anazisingizia. Nenda kale bwana."

Ikawa hivyo wiki tatu. Utani ulimpa Korotimi ruhusa ya kusema lolote, ukampa Zoungrana ruhusa ya kutosikia. Jambo hilo lilimuudhi Korotimi kweli.

Akapima jeni nane zilizoweza kuwa futi, kwenye majani mabichi na yaliyonyauka. Sita ziliyumba. Mbili zilitulia tuli, na kwa hizo mbili, mbegu namba saba haikuwa na la ajabu.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla mbegu haijapelekwa, alimwekea mkuu karatasi za vipimo mezani. Zoungrana alikuwa tayari anatabasamu, akingoja tusi lake.

"Dakta," Korotimi alisema, "naomba uzisome hizi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tabasamu la Zoungrana likafifia. Akasoma, akarudia, akanyanyua simu na kuizuia mbegu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Dakta. Ulicheka."

Zoungrana akainamisha kichwa. "Na utani wangu utanirudishia lini?"

"Ukishaitupa aktini," Korotimi akasema, "mtumwa wangu."