Dirisha Lililoandikwa Mlango

Waridi alimwambia Daktari Nyakio dirisha, naye Daktari akaandika mlango. Hilo ndilo kosa alilotendewa. Nakshi ya kofia aliyoibuni Waridi binti Shee kwa kuangalia vyuma vya dirisha la chumba chake cha kupanga, River Road, imetiwa kitabuni kuwa ni nakshi ya kale ya milango ya Lamu, na kwamba aliyeichora hajulikani.

Anajulikana. Alasiri hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika duka la kompyuta la Oduor, ghorofa ya pili, katikati ya jiji. Viatu alikuwa amevivua kwa sababu miguu ilimvimba. Alikuwa akingoja insha ya Nisreen, binti wa kaka yake, ipangwe namna chuo kinavyotaka. Mwalimu hakuipokea ya kwanza. Kwa maneno ya Nisreen, alisema mambo yenyewe si mabaya, ila mpangilio haukufuata mtindo. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa saa kumi na moja jioni hiyo, na asiyepita somo hilo hamalizi mwaka.

Insha ilikuwa ya kofia. Nisreen aliichagua mada hiyo mwenyewe, na alipoichagua alimwambia, "Shangazi, safari hii itaandikwa dirisha." Tangu siku hiyo Waridi alikuwa akilingoja neno hilo.

Chumba kile alikipanga alipofika Nairobi kutoka Lamu, baada ya mumewe kumwacha. Homa ikamlaza. Akilala kutwa hakuwa na la kutazama ila dirisha: vyuma vimekutana pembe kwa pembe, na kila vilipokutana fundi alikuwa amevisokota kama uzi. Alipopata nguvu ya kukaa, alichukua kitambaa cheupe na penseli akavichora. Kisha akatoboa na kuzungushia uzi, kitobo baada ya kitobo. Kofia ya kwanza aliinunua imamu mmoja, na waliosali nyuma yake wakataka kama ile.

Ndipo akaja Daktari Nyakio, daktari wa vitabu si wa dawa. Alimkuta akiuza karibu na msikiti, akampeleka kwake, mtaa wa Karen, akamkalisha barazani. Mbwa walifungwa kwa ajili yake, hilo Waridi hajalisahau. Aliletewa chai na biskuti, na kinasa sauti kikawekwa kando ya kikombe.

"Hii uliitoa wapi, mama?"

"Dirishani."

Daktari alicheka. "Sawa, lakini kabla ya dirisha. Bibi zako waliitoa wapi?"

"Bibi zangu hawakukaa River Road."

Daktari akamuuliza milango ya Lamu ikoje. Waridi akamweleza, kwa sababu aliulizwa, na kwa sababu chai ilikuwa nzuri. Miaka ikapita. Siku moja alipeleka kofia Westlands, kwenye duka la Hiral, akaona kila kofia imebandikwa kikaratasi. Hiral alimsomea, nakshi ya kale ya milango ya Lamu, kisha akamtolea na kitabu chenyewe. Picha ilikuwa kofia yake. Waridi alikwenda Karen kwa hilo. Soja wa getini alisema Daktari amesafiri. Alikwenda tena, naye Daktari alikuwa amesafiri tena, ingawa gari lake lilikuwa limeegeshwa uani.

"Hapo sawa," Oduor alisema, akigongagonga kibonye. "Mistari nimeiachanisha. Kichwa iko katikati. Sasa listi ya mwisho. Ni nani anaanza?"

"Kamunya, N.," Nisreen alisema.

"Kamunya ndiye nani?" Waridi aliuliza.

"Ni yeye Daktari, shangazi. Jina la baba ndilo hutangulia. Lake mwenyewe hubaki herufi moja."

"Na mimi niko wapi?"

Nisreen aliangalia kompyuta. Oduor ndiye aliyejibu.

"Mathe, wewe huwezi ingia kwa listi. Hiyo mtindo ya chuo, APA, ndio iko hivyo. Listi ni ya vitu mtu anaweza enda kutafuta asome. Watu wa kuongea tu hukaa huku juu, ndani ya mabano."

"Nionyeshe hayo mabano."

Nisreen aliweka kidole kwenye kioo. Waridi hakusoma shule. Chuo alichokijua yeye ni cha Kurani, na herufi zile zilimpita. "Nisomee."

"W na nukta, kisha Shee. Halafu, mawasiliano binafsi, na tarehe tuliyozungumza."

"Shee ni baba yangu. Hakupata kushika sindano."

"Ndiyo sheria, shangazi."

"Mzee Shee amekuwa msomi," Oduor alisema, na Waridi akacheka kidogo bila kutaka. Mabano si haba, aliwaza. Mtu akikosa kiti hukaa kizingitini.

"Na dirisha lipo?"

"Lipo," Nisreen alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyemaliza. Alitoa kwenye mkoba ile insha ya kwanza, iliyorudishwa. Pembeni palikuwa na wino mwekundu wa mwalimu wake, Bwana Muindi. Aliusoma polepole. "Habari za shangazi si chanzo. Kitabu cha Kamunya kimeshalieleza jambo hili. Kifuate, ama utoe aya hii."

Printa ya jirani ilikuwa ikivuma. Waridi alivaa kiatu kimoja, akakivua.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi. Sikujua niseme vipi." Nisreen alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtoto aliyevunja kikombe. "Ukisema ibaki, itabaki. Nitarudia mwaka."

Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote, kwamba kalamu ilirudishwa kwake sasa, baada ya kila kitu, ili aandike mlango yeye mwenyewe. Mwaka wa kurudia aliujua, kwa kuwa karo alilipa yeye. Ungeshonwa kwa sindano ileile, na macho yake yalikuwa yameanza kuona vitobo viwili palipo na kimoja.

"Futa," alisema.

Oduor aligeuka. "Mathe, si hiyo ni jina yako unafuta?"

"Nafuta la baba. Langu halikuwemo."

Oduor alirudi kwenye kompyuta. Alifuta. Mstari ukajifunga kana kwamba hapakuwa na mtu, na mahali pake Nisreen akataja milango ya Lamu, na mwisho wa sentensi akaweka Kamunya na mwaka wa kitabu. Ilichapishwa, ikabanwa pini, na ilikuwa nadhifu kweli. Nisreen aliondoka mbio. Mlangoni alisema, "Nikimaliza nitaandika yangu, shangazi. Wallahi."

Waridi alishuka ngazi peke yake, akishika ukuta. Hakupitia River Road, ingawa ndiyo njia fupi. Dirisha bado lipo, na lingemwangalia.

Nisreen anadaiwa ahadi, na huyo ni damu yake. Akiilipa ni sawa, asipoilipa atasamehewa. Bwana Muindi anadaiwa kusikiliza, lakini hajui kwamba anadaiwa. Daktari Nyakio Kamunya wa Karen anajua. Anadaiwa dirisha moja, na jina la aliyelichora. Jina kamili, Waridi, si herufi na nukta.