Picha Moja Kati ya Kumi na Mbili

Saa tisa na robo alasiri, mimi na baba tuliingia darasani Milola, ambako mwalimu wetu kutoka Ayalandi alikuwa ametundika picha kumi na mbili za wachoraji wa kwao. Palinuka mabibo. Picha ya kwanza ilikuwa ya mashamba yaliyolowa mvua; nilinyoosha kidole nikidhani yangenilowesha.

Baba akanivuta. "Juzi tu tumehamishwa kutoka Kilangala. Huko hatuhamii!"

"Mzee, hizi ni picha tu," mwalimu alisema.

"Hata hapa Milola serikali ilianza kwa kutuonyesha picha za kijiji."

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani. Wiki iliyopita, sasa nikiwa mtu mzima, niliikuta picha ile kitabuni. Zile kumi na moja sizijui hadi leo. Siku ile baba alidai kiingilio tulicholipa mlangoni, akarudishiwa senti hamsini.