Punda Aliyekimbia Kuja Kwangu

Huku Ruhembe masika yakishaisha na njia zikikauka, kunakuwa na mashindano ya punda kwenye uwanja wa mpira. Mbio za kwanza ni za punda wadogo ambao hawajawahi kukimbia. Baba mdogo, ninayeishi kwake tangu nianze sekondari, alikuwa na wawili wa umri huo: mweusi, na wangu wa kijivu. Naandika "wangu" ingawa hakuna mtu aliyenipa. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, nikamlea kwa maziwa ya chupa. Nilikuwa namwita kwa kugonga ulimi, taratibu, kwa sababu kumwita kwa sauti watu wakisikia naona aibu.

Baba mdogo alishasema malisho hayatoshi. Punda atakayeingia mashindanoni akakimbia vizuri, huyo atabaki nyumbani. Mwenzake ataenda Kisanga kwa shemeji yake, kubeba mkaa.

Jioni ya kuamkia mashindano, jirani yetu mfugaji akaja uwanjani kusaidia kuchagua wa kuingiza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari ameshafunua mdomo wa mweusi anaangalia meno. Wakainua kwato, wakapapasa kifua, wakarudi nyuma kutazama miguu ilivyosimama. Mimi nilishika kamba na kuangalia chini.

"Huyu mweusi ana mifupa," jirani akasema. "Ila tumbo hili la mwenyekiti."

"Na huyu wa chupa?" baba mdogo akauliza.

"Huyu mvalishe yunifomu aende shule na dada yake."

Wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, sijui kwa nini.

Mtoto wa baba mdogo, ambaye ndiye mpandaji wetu, alimkimbiza mweusi hadi goli la pili. Punda alikimbia kawaida tu, akihema sana. Kisha mpandaji akampanda wa kijivu. Punda akaenda hatua chache, akageuza shingo, akarudi mpaka nilipo na kunisukuma begani.

"Hafai," mpandaji akasema. "Huyu ananyonya bado."

Baba mdogo akafikiri. "Hebu wewe, nenda kasimame kule golini."

Nikaenda. Walipomwachia, aliinua masikio, akaniona, akaja. Sijawahi kuona kitu kinakimbia vile kunifuata mimi. Jirani alipiga mluzi. Baba mdogo akasema huyuhuyu ndiye wa kesho.

Nilijikaza nikamwambia, "Baba, hakimbilii mstari. Anakuja kwangu tu."

"Sasa shida iko wapi? Kesho simama hapohapo."

Nikaona kweli, shida haipo. Usiku ule nililala vizuri.

Kesho yake golini kulikuwa na watu kama wote wa Ruhembe na Kidodi. Nilifika mapema nikasimama mbele, lakini wakaja vijana wenye kamba wakaturudisha nyuma. Nikamwambia mmoja kwamba mimi lazima nionekane. Akasema, "Unaenda kupigwa picha?" Wenzake wakaangua kicheko, nikarudi nyuma ya kamba. Mbele yangu akasimama baba mmoja mnene, mtoto mabegani.

Punda walipoachiwa nilimwona wangu katikati ya miguu ya watu. Alitoka vizuri, akawa wa pili. Halafu akaanza kupunguza. Masikio yalikuwa yanageuka huku na huku. Katikati ya uwanja akasimama kabisa, mpandaji akimpiga visigino, na wenzake wakampita mmoja mmoja.

Nikagonga ulimi. Nikagonga kwa nguvu mpaka watu wakanigeukia. Kisha nikapiga kelele, mimi, mbele ya wanafunzi wenzangu. Spika ilikuwa inapiga muziki. Hata baba yule mnene hakugeuka.

Baba mdogo hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Basi, tulijaribu."

Shemeji yake alikuja na lori dogo la kenta asubuhi ya Jumatatu, nikiwa nimeshavaa sare. Waliweka ubao wa kupandia, wakavuta kamba wanaume watatu, mmoja akasukuma kwa nyuma. Punda alikita miguu. Nilikuwa nimejificha jikoni, nikiomba aendelee kukataa hadi wachoke.

"Mwiteni yule binti," shemeji akasema.

Nilitoka. Baba mdogo hakuniangalia usoni. "Panda wewe kwanza, mwanangu. Atakufuata."

Ningeweza kukataa? Nimejiuliza sana. Kwa nyumba ile, kwa sauti ile ya upole, sikuona mlango wa kutokea. Nilipanda ubao, nikasimama ndani kabisa kwenye bodi, mgongo kwenye kabini. Sikugonga ulimi. Haikusaidia kitu. Aliinua masikio, akaniona, akapanda mbio.

Walipomaliza kumfunga, nikashuka kwa kuruka pembeni. Alikuwa bado anatazama pale nilipokuwa nimesimama.