Kapya, mpishi wa walioacha lutuku

Saa kumi na mbili asubuhi, Kapya Marie-Thérèse anakoroga uji kwenye sufuria kubwa iliyobandikwa juu ya makaa, nyuma ya nyumba ya matofali upande wa Luano, jijini Lubumbashi. Uji wenyewe ni mzito, wa rangi ya kahawia. Mahindi yake yamesagwa bila kukobolewa, yakachanganywa na soya na karanga.

Wanaume wanatoka vyumbani mmoja mmoja, mablanketi mabegani. Kapya anachota uji, anamimina, na kila kikombe anakijaza nusu tu.

“Mukono inatetemeka,” anasema kwa sauti ya chini. “Ukijaza kikombe, uji itamuunguza, na atapata haya mbele ya benzake. Njo maana ninawekaka nusu. Akimaliza, ninaongeza.”

Hapa ndipo wanapokuja watu wanaojaribu kuachana na lutuku, pombe kali ya mahindi inayochemshwa majumbani na kuuzwa kwa kikopo. Nyumba ilifunguliwa na familia chache za mtaa, Waislamu na Wakristo, ambazo kila moja ina mtu wake aliyezama. Leo wamo wanaume kumi na mmoja. Muuguzi Mounira huleta dawa na kuwapima. Msimamizi, fundi seremala mmoja anayeitwa Idriss, huongoza mazungumzo ya mchana. Jikoni yuko Kapya peke yake.

Ana miaka hamsini na miwili. Kazi hii hakuisomea popote. Aliifikia kupitia kwa mume wake, Faustin Mwila, na ni njia ambayo hamtakii mtu yeyote.

Faustin alikuwa fundi wa magari. Alisifika kwa kwenda mwenyewe Mokambo, mpakani na Zambia, kutafuta vipuri ambavyo wenzake walikuwa wamekata tamaa ya kuvipata. Pombe ilimwingia polepole.

“Alianzaka na kakopo kamoja asubuhi, kwa kukamata nguvu ya kazi,” Kapya anasimulia. “Kisha ikakuwa asubuhi na mangaribi. Kisha akaacha kula. Nilikuwa ninamuwekea bukari, ninaifunika muzuri. Asubuhi ninaikuta vile vile, imekauka.”

Bukari ni ugali wa huku. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, mtu asiyegusa bukari huhesabiwa kuwa mgonjwa. Faustin alikuwa hagusi, lakini kila siku alienda kazini, basi watu wakaona bado ni mzima. Suruali zikaanza kumvuka. Akawa anazifunga kwa waya wa umeme.

Kisha, wiki ya Pasaka, aliamua mwenyewe kuacha. Hakumwambia mganga wala muuguzi. Alijifungia ndani, akatetemeka, akatapika, akaona wadudu ukutani ambao hawakuwepo. Mounira anasema mnywaji wa miaka mingi anaweza kufa kwa kuacha ghafla bila uangalizi. Wakati ule nyumbani kwa Kapya hakuna aliyelijua hilo.

Faustin hakufa. Kutetemeka kulipopungua, familia ilifurahi. Binti yao, Exaucée, alikimbia dukani kumletea baba yake mkate mweupe na sukari. Chai tamu na mkate ndivyo vitu pekee ambavyo tumbo lake lilivipokea, kwa hiyo wakampa hivyo asubuhi, mchana na jioni.

“Tulifikiri imeisha,” anasema Kapya. “Niliimba mu nyumba.”

Siku chache baadaye Faustin alianza kutembea miguu ikiwa imeachana, akishika kuta. Macho yalikuwa yakimchezacheza. Alikuwa anauliza jambo, anajibiwa, anauliza tena. Mtaa mzima ukasema amerudia pombe na sasa anakunywa kwa kujificha.

Kaka yake mkubwa, Kasonde, alikuja kwa hasira. Alipindua godoro, akamwaga nguo zote chini akitafuta chupa. Hakuipata. Akampiga mdogo wake kofi, akimwambia: “Sema kwenye uliificha!”

“Faustin alimuangalia tu,” Kapya anakumbuka. “Alikuwa anajaribu kukumbuka kama kweli aliificha.”

Walipomfikisha hospitali, siku nyingi zilikuwa zimepita. Mounira alikuwa akifanya kazi hapo, na ni yeye aliyemkalisha Kapya kwenye benchi la nje akamweleza. Mwili wa Faustin ulikuwa umeishiwa vitamini moja ambayo ubongo hauwezi kufanya kazi bila hiyo. Walimchoma sindano siku kadhaa mfululizo. Macho yakatulia, miguu ikapata nguvu. Kumbukumbu haikurudi.

“Pombe inamuondolea muntu hamu ya kula,” Mounira anaeleza leo, akiwa ameketi kwenye kibao cha jikoni kwa Kapya. “Halafu, hata kile kidogo anakula, tumbo haikikamate muzuri. Akiacha kunywa, mwili inaamka na njaa kubwa. Ukiijaza sukari tupu, ile vitamini kidogo ilibakia inaisha mbio. Inatakiwa sindano kwanza, na chakula ya kweli nyuma yake.”

Anainua kidole. “Lakini musiandike kama chakula inaponyesha ulevi. Hapana. Chakula inamusimamisha muntu, apate kupigana.”

Faustin ameshapitisha miaka minne bila tone la pombe. Kutwa hukaa na Exaucée, kwa sababu akitoka peke yake hajui kurudi. Ukimuuliza ametoka wapi, anakujibu bila kusita: “Nilitoka Mokambo leo asubuhi. Barabara iko mubaya, njo maana nimechelewa.” Mwanzoni Kapya alikuwa akimsahihisha, naye Faustin alikuwa akilia. Siku hizi Kapya anamuuliza kama alipata vipuri.

Mounira ndiye aliyempendekeza Kapya kwa kazi ya upishi nyumba ilipofunguliwa. Kapya alikubali kwa sababu mshahara, ingawa ni mdogo na hauchelewi kuisha, ulikuwa afadhali kuliko kuuza makaa barabarani. Anakiri pia kwamba alitaka kuwa mahali ambapo kitu bado kinaweza kufanyika.

Chakula chake hakina cha ajabu. Ni maharage, mchicha unaoitwa huku lengalenga, sombe ya majani ya mihogo iliyotwangwa na karanga, na ndakala, vile visamaki vikavu ambavyo huvipondaponda ili wenye vidonda vya mdomo waweze kumeza. Anayefika leo anapewa vijiko vichache, na baada ya muda vichache tena. Jambo moja alilibadilisha mwenyewe: chakula cha jioni kinaliwa saa kumi na moja, jua likiwa bado juu.

“Ile njo saa lutuku inabaita,” anasema. “Benyewe banasema ni kiu. Mara mingi ni njaa. Ninatangulia mbele ya lutuku.”

Kiangazi kilichopita aliletwa Musonda, mpakiaji wa malori, kijana bado. Alikuwa hawezi kumeza kitu. “Tumbo imefunga, mama,” alikuwa akisema, akisukuma sahani. Siku ya tatu Kapya alimwona akienda chooni, mkono ukutani, miguu ikiwa imeachana.

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. Idriss, aliyekuwa amemwona pia, alikuwa ameshakasirika.

“Amekunywa. Nani amemuletea?”

“Papa Idriss, nusa kinywa yake. Hakuna harufu.”

“Basi ni nini?”

“Ni ile ya Faustin. Ita Mounira. Ita sasa hivi.”

Walimpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, Idriss akiwa nyuma amemkumbatia asianguke. Sindano zilianza siku hiyo hiyo. Baada ya wiki moja Musonda alirudi akitembea kama watu wanavyotembea, akakumbuka jina la kila mtu aliyekuwa nyumbani. Kapya aliingia chumba cha kuwekea makaa, akafunga mlango na kulia huko.

Musonda akanenepa. Akawa wa kwanza kumaliza sahani na wa kwanza kuomba ukoko. Baada ya miezi miwili alirudi kwenye malori, mashavu yamejaa, wote wakimpigia makofi getini.

Alirudia pombe kabla ya mvua kuanza.

Kapya hapambi habari hii. Mahali anapolala Musonda ni ukuta kwa ukuta na nyumba inayochemsha lutuku, na wapakiaji wenzake hulipana kwa vikopo. Alipotokea tena getini amelewa, Idriss alimzuia. Kanuni ya nyumba ni moja, haingii aliyekunywa, na Idriss ana sababu zake. Ndugu yake mwenyewe alikufa kwa pombe, na ndani kuna watu kumi na mmoja ambao harufu tu inatosha kuwaangusha.

Waligombana siku hiyo, mpishi na msimamizi, mbele ya wote.

“Ukimulisha, unamusaidia kunywa,” Idriss alisema.

“Akiwa anakula, ubongo yake inabakia,” Kapya alijibu. “Siku ataamua kuacha, atakuwa na kitu ya kuacha nayo. Faustin aliacha, papa Idriss. Aliacha kabisa. Na eko wapi leo?”

Idriss hakufungua geti. Tangu hapo Kapya hutoa sahani nje, na Musonda anakula akiwa amechuchumaa kando ya ukuta. Siku nyingine anamaliza. Siku nyingine anaacha nusu na kuondoka bila kuaga. Mounira humchoma sindano akimkuta ana utulivu wa kukubali.

Kapya ana mpango. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kilichojaa mawe na vifusi, na wanaume wenye nguvu wameanza kukisafisha. Mvua zikija atapanda lengalenga, soya na maharage, wasitegemee tena kile ambacho familia zinaweza kuchanga. Anaomba pia chumba kimoja karibu na jiko ili amlete Faustin akae hapa kutwa. Idriss amesema atafikiria.

Na Musonda? Kapya anatazama upande wa geti. “Ninataka siku moja aingie mu geti akiwa anajua kwenye anaingia. Ni ile tu.”

Siku ambayo gazeti hili lilimtembelea, saa kumi na moja ilifika na Musonda hakuonekana. Kapya alisimama nje ya geti na sahani iliyofunikwa, akiangalia huku na huku barabarani. Alisimama mpaka waliokuwa ndani wakamaliza kula na kuanza kuosha vyombo.

Exaucée alikuwa amemleta baba yake, kama anavyofanya kila jioni. Kapya alirudi, akafunua sahani, akaiweka kwenye magoti ya Faustin. Ilikuwa bukari, maharage na ndakala. Faustin alikula polepole, kwa adabu ya mgeni, mpaka sahani ikawa safi. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

“Aksanti, mama,” alimwambia. “Unapikaka muzuri. Bwana yako iko na bahati.”

“Njo vile, papa,” Kapya alijibu, akamwongezea maharage.