Redio Iliyofungwa kwa Uzi Mwekundu

Watu wa Isiolo walikuwa wakisema Bedan Marete hana haraka hata nyumba ikiungua. Ukimletea redio ya gari, haungi waya mpaka apime tundu la dashibodi kwa njiti ya kiberiti, aulize betri ni ya volti ngapi, kisha ainue boneti aone upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi ya gari, chanya au hasi. Gari moja hufungwa hivi, jingine vile, na ukikosea redio inatoa moshi kabla hujasema amina. Na amina yeye aliisema kweli, maana hakuwasha kitu cha mtu bila kuomba.

Asubuhi moja ya mwaka wa sitini na sita, siku zile za vita vya shifta, ambapo jua likishatua hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje, Dabasso alisimamisha Land Rover yake mbele ya kibanda cha Bedan.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam. Mama Hawo hajambo?"

"Mama yuko. Bado anamwekea Boru maziwa kila jioni."

Boru alikuwa mdogo wake Dabasso. Miezi minne ilikuwa imepita tangu aondoke na gari lake kwenda Merti, na hakuna aliyemwona tena, yeye wala gari.

Dabasso akafunua shuka, akatoa redio. "Niangalilie kama itaingia kwa gari yangu."

Bedan akatoa njiti.

"Abbo! Wewe Mmeru unapima redio kama fundi wa nguo anapima suruali!" Dabasso alicheka, lakini macho hayakucheka.

Tundu lilikuwa sawa. Volti zilikuwa sawa. Betri ya Dabasso ilifungwa hasi kwenye bodi, basi Bedan akafungua mfuniko wa redio aone yenyewe imetengenezwa kwa upande gani. Bati lilikuwa na joto mikononi mwake, kama kitu kilichozimwa sasa hivi, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Halikuwa na hata chembe ya vumbi. Ndani akaona nyaya mbili zimegeuzwa, kiungo kimezungushiwa uzi mwekundu wa sufu.

Nywele zikamsimama. Uzi ule mkewe Kinanu aliukata kwenye sweta yake mwenyewe, siku Bedan alipoishiwa na utepe. Kazi ile Bedan aliifanya mara moja tu, kwa mtu mmoja.

"Umenunua wapi hii?"

"Sikununua. Jana nilifunga milango ya gari, ufunguo nikalala nao. Alfajiri nimekuta imekaa kwa kiti. Mbwa hakubweka. Askari wako kila kona, fundi. Nani alitembea?"

Bedan alitamani sana kusema haijui. Akamfikiria Mama Hawo na kikombe chake cha maziwa, na ulimi ukakataa.

"Ni ya Boru. Huu ni mkono wangu."

Dabasso akashika mlango wa gari. "Amekufa?"

"Sijui, ndugu yangu. Lakini tazama. Waya hazikukatwa, hazikuvutwa. Aliyeitoa alifungua skrubu moja moja, akazirudisha zote mahali pake. Ni nani huko porini mwenye nafasi hiyo?"

Mabati ya paa yalilia kidogo, ingawa hapakuwa na upepo.

"Itaingia kwa yangu?" Dabasso aliuliza mwishowe.

"Tundu ni moja. Lakini gari yako imefungwa kinyume na yake. Lazima nikate huo uzi nigeuze waya, la sivyo itaungua."

"Usikate."

"Basi haitalia."

"Iache vile gari yake inaijua."

Akaifunika kwa shuka, akaiweka kwenye kiti cha abiria, akaondoka polepole, akikwepa kila shimo, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.