Mchi Unaposimama

Mpiga ngoma wa Buigiri alipotunga mchezo wa kuchezwa baada ya mavuno, alianzia vinuni. Aliketi kati ya wanawake wenzake wanaotwanga uwele, akawasimulia kipande kwa sauti ya chini, vidole vyake vyenye sugu vikigonga goti, macho yake kwenye michi tu. Mchi ukisimama, kipande alikiweka. Michi ikiendelea, alicheka: "Basi, hicho nimekitupa." Mama Chilewa, mmoja wa watwangaji, alimpenda kwa hilo, hakuwahi kumwona mtu asiyeyaonea uchungu maneno yake mwenyewe.

Siku moja alisimulia habari za kijana aliyechukuliwa na askari wa Wadachi kwenda kujenga reli, na mama yake anayemngoja. Mchi wa Mama Chilewa ukasimama. Mwanawe, Chilewa, alikuwa hukohuko relini, na tangu masika hakuna aliyemwona.

"Dada, usimuue," alisema. "Ukimuua mchezoni, mimi nitalalaje?"

Vidole vya mpiga ngoma vikatulia gotini. "Simuui, wala simrudishi. Mwisho nimemwachia Chilewa. Akija, ataucheza mwenyewe."

"Twanga basi, mwenzetu," jirani akatania, "au leo tutakula uwele mzima?"

Mama Chilewa hakutwanga, kipande kisije kikatupwa.