Waya Ambao Haukufungwa

Nilikwenda Morogoro kumalizia kazi ya marehemu. Marehemu mwenyewe ni Deo, fundi mwenzangu, niliyesoma naye chuo cha ufundi na kuajiriwa pamoja naye wiki ileile katika kampuni ya kompyuta jijini Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vikiuzwa kimoja baada ya kingine, na kila aliyenunua alitaka ofisi za kiwanda chake ziunganishwe na makao makuu kwa mtandao. Kazi zilikuwa nyingi kuliko mafundi. Deo alifunga mitambo katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, akarudi. Miezi mitatu baadaye alikwenda tena kubadilisha kifaa kimoja, umeme ukampiga, akafa. Tulimzika kwao, Ngerengere. Ripoti ya kampuni ilisema fundi umeme wa kiwanda, Bwana Kobelo, aliwasha swichi wakati Deo yuko kazini. Kobelo akafukuzwa wiki hiyohiyo.

Mitambo ilifunikwa turubai miezi miwili. Kisha bosi akaniita.

"Rehema, nenda wewe. Unajua Deo alivyokuwa akifanya kazi."

Nilikuwa na sababu ya kutotaka kwenda, na sababu hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nikubali.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Dar kwa basi, begi la nguo miguuni na sanduku la vifaa mapajani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Tulipita Chalinze, pori likaanza kujaa kijani, na baada ya mwendo mrefu milima ya Uluguru ikatokea upande wa kushoto, vilele vimo ndani ya wingu. Abiria walizungumza habari za kupunguzwa kazini, nani kapata barua na nani bado.

Saa nne na nusu nilikuwa kiwandani. Meneja, mtu mpole aliyekuja na wamiliki wapya, alinipeleka mwenyewe hadi chumbani. Aliposhika kitasa alisita kidogo.

"Hapa hapajafunguliwa tangu siku ile," alisema. "Wafanyakazi hawataki kuingia."

Ndani palinuka vumbi na mpira. Nilivuta turubai. Raki ilikuwa imesimama katikati, fremu ya chuma ndefu kama mtu, na ndani yake rauta mbili, yale masanduku yanayopokea ujumbe wa kompyuta na kuupeleka kila mmoja njia yake. Ile nzito Deo alikuwa ameiweka juu na nyepesi chini, na miguu ya raki haikushikwa na bolti hata moja. Ilionekana wazi kwamba ikisukumwa kidogo tu itayumba.

Nilivua saa na bangili nikazitia mfukoni, maana chuma mkononi ni njia ya umeme. Nilizima swichi ya ukutani, kama Deo alivyofanya siku yake ya mwisho. Kisha nikachukua mita ya kupimia umeme, ncha moja nikaigusisha kwenye bomba la maji, nyingine kwenye fremu ya raki. Mshale ukapanda. Swichi imezimwa, na chuma kina umeme.

Nilirudi nyuma hatua mbili, nikakaa sakafuni. Halafu nikafuata nyaya kwa macho. Rauta ile kubwa ilikuwa na nyaya mbili za umeme, ili mmoja ukikatika mwingine uendelee. Mmoja ulitoka kwenye swichi niliyoizima. Wa pili ulipita chini ya ukingo wa raki, ukatoboa ukuta, ukaenda kwenye bodi ya umeme ya ofisini, chumba cha tatu kutoka pale. Uzito wa raki ulikuwa umeukata ganda. Na waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaoupeleka umeme uliopotea ardhini badala ya mwilini mwa mtu, ulikuwa umeviringwa nyuma ya raki, nati zake zingali kwenye kifuko cha nailoni. Haukuwa umefungwa popote.

Basi hakuna aliyewasha kitu. Umeme haukuwahi kuzimwa wote.

Ubavuni mwa raki ilining'inia fomu ya ukaguzi. Sikuhitaji kuisoma. Swali la tano: waya wa athi umefungwa? Jibu: ndiyo. Sahihi chini yake ni yangu.

Siku alipomaliza kufunga mitambo, Deo alinipigia simu kutoka Morogoro; mimi nilikuwa ofisini Dar, zamu yangu ya kujaza fomu. "Dada, kila kitu tayari, isipokuwa athi. Sijaona pa kuifungia, jengo hili la zamani. Nitarudi wiki ijayo." Bosi alikuwa amesimama mlangoni akiitaka fomu, kwa kuwa wamiliki walikuwa wanakuja kuzindua kesho yake. Nilitia tiki, nikatia sahihi, nikaituma Morogoro kwa faksi. Wiki iliyofuata Deo akapelekwa Tanga, nyingine Dodoma. Wote wawili tukasahau. Nilikumbuka msibani, jeneza likiwa mbele yangu, na nikanyamaza.

Mchana nilimwuliza meneja athi ya jengo, pale inapoingia ardhini, iko wapi. Alitikisa kichwa. Michoro ilipotea wakati wa makabidhiano, na fundi wa kibarua anayeitwa siku hizi hajui. Ningeweza kuomba wachimbe nyingine, lakini athi mbili zisizoungana katika jengo moja ni hatari nyingine.

"Anayejua ni Kobelo tu," alisema. "Naye amerudi kwao Kinole."

Nilimwomba aufunge mlango kwa kufuli na azime bodi zote mbili. Nikamwambia nitakwenda kumtafuta.

Kesho yake, saa moja asubuhi, nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua ndizi na mananasi. Dereva alinikalisha mbele. Barabara ilipita Mkuyuni, kisha ikaanza kupanda kwa kona kali, udongo mwekundu umelowa na matairi yanateleza. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine vilele vya minazi na mifenesi chini kabisa. Kila tulipovuka kijito hewa ilizidi kuwa baridi. Nilijaribu kupanga maneno nitakayoyasema. Kila nilipoyapanga yalikuwa ya kujitetea, nikayaacha.

Kinole tulifika kabla ya adhuhuri. Kutoka kituoni nilipanda kwa miguu nusu saa, kati ya mashamba ya mdalasini na pilipili manga iliyotambaa kwenye miti. Kobelo nilimkuta uani kwake, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, akianika karafuu juu ya mkeka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, bado amevaa koti la bluu la kiwandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka wapi, binti?"

"Dar es Salaam. Kampuni ya yule kijana aliyefariki."

Mikono yake ilisimama juu ya karafuu. Mkewe alitoka jikoni, akamwambia neno kwa Kiluguru, naye akamjibu taratibu. Kisha akanisogezea kigoda.

"Kaa. Mgeni hanywi maji amesimama. Mengine tutayasikia."

Nilikunywa maji. Nikamweleza yote, nyaya mbili, ganda lililokatika, kifuko cha nati, fomu, na kwamba ni yeye tu awezaye kutuonyesha athi ya jengo.

"Mimi siku ile nilikuwa kwenye boila, ule mtambo wa mvuke," alisema nilipomaliza. "Swichi ile sikuigusa."

"Najua, baba."

"Umejua tangu lini?"

"Kwamba hukuwasha, nimejua jana. Kwamba athi haikufungwa na mimi niliandika imefungwa, nimejua tangu msibani."

Mkewe ndiye aliyesema. "Miezi miwili. Nikienda sokoni watu wanashusha sauti. Mwanangu aliyeko shule Morogoro anaambiwa baba yake ameua mtu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama. Naomba mnisamehe."

Kuku walipita kwenye karafuu, Kobelo akawafukuza kwa mkono. Baadaye akaniuliza kama nitayaandika niliyoyasema. Nilimwambia nitayaandika nikifika Dar.

"Hapana. Andika hapa, ndipo nishuke nawe. Mtu akishafika mjini husikia mengi."

Mkewe alileta daftari la mtoto. Niliandika kwenye kigoda, nakala tatu, nikiyasoma kwa sauti kila nikimaliza kifungu. Nilipoandika kwamba Deo aliiacha kazi bila kuimaliza, kalamu ilisita. Alikuwa rafiki yangu, na hakuwepo kujibu.

"Andika na kwamba alikwambia," alisema Kobelo. "Hakuficha. Kijana alisema ukweli, ninyi mkamkimbiza kazi nyingine."

Nikaandika hivyo. Nilitia sahihi nakala zote, yeye akaikunja moja na kuiweka katika mfuko wa koti. Nililala kwake usiku ule. Walinipa chakula na kitanda, ila mazungumzo yalikuwa machache.

Siku ya tatu tuliteremka kwa lori lilelile, na saa tano tulikuwa kiwandani. Kobelo hakuuliza njia. Alitupeleka nyuma ya jengo, akaondoa mawe na majani kwenye kona ya msingi, na pale pakatokea utepe mpana wa shaba ulioingia ardhini.

"Niliuzika mwenyewe nikiwa kijana," alisema, akaupangusa kwa kitambaa mpaka ukang'aa.

Kazi tuliifanya polepole. Kwanza alizima bodi ya chumbani, kisha ya ofisini, akazitia kufuli na funguo akanipa mimi. Milangoni alitundika vibao vya boksi: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Nilipima tena kwa mita kila mahali mkono wangu utakapogusa, naye akapima baada yangu. Tuliteremsha rauta zote mbili, kila moja tukiibeba watu wawili kwa kuishika chini, si kwa vishikio vya mbele ambavyo hung'oka. Tulitoboa sakafu tukaifunga raki kwa bolti nne. Tulivuta waya wa athi kutoka kwenye ule utepe wa shaba hadi kwenye fremu, tukakwangua rangi pale nati inapokaa ili chuma kiguse chuma. Kobelo aliikaza, akanipa spana.

"Kaza na wewe. Usiamini mkono wangu."

Athi ilipokwisha kufungwa ndipo tukarudisha rauta, nzito chini, nyepesi juu, tukaacha nafasi kati yazo ya kupitisha hewa. Waya uliokatika ganda tuliutupa. Kila waya mpya wa umeme nilifunga kikaratasi chenye jina la bodi unakotoka, na juu ya rauta nikabandika onyo kwamba nyaya ni mbili na zote mbili zizimwe. Saa kumi jioni niliweka mita kwenye fremu, umeme umewashwa. Mshale haukutikisika. Taa za kijani zikaanza kuwaka moja moja. Kobelo alizitazama, kisha akatoka nje, nikamwona amesimama karibu na ukuta, mgongo kwetu.

Meneja alisoma maandishi yangu mara mbili. Alimwandikia Kobelo barua ya kumsafisha jina, akaomba radhi mbele ya mafundi wote. Kazi hakuweza kumrudishia, kwani nafasi yake ilikuwa imefutwa pamoja na nyingine nyingi. Kobelo alipokea barua kwa mikono miwili.

"Hii ataipeleka mwanangu shuleni," alisema.

Siku ya nne asubuhi nilipanda treni kurudi, nikashuka Ngerengere. Mama yake Deo alikuwa anaishi karibu na reli, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa shirika la reli. Alinipokea kwa furaha, akadhani nimekuja kumjulia hali tu. Nilimsomea nakala ya tatu. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, kumwambia mama kwamba mwanawe ana sehemu katika kifo chake mwenyewe.

"Kwa hiyo mwanangu aliacha waya," alisema.

"Aliuacha, akaniambia. Mimi nikaandika ameufunga."

Sikujua kama atanifukuza. Aliposema tena hakuniuliza habari zangu wala za Deo.

"Yule mzee nimemtaja kila nikisali. Namwomba Mungu amlipe. Asubuhi na jioni." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Anakaa wapi?"

Nilimwelekeza. Hakuniaga kwa mkono, wala simlaumu.

Dar nilimkabidhi bosi ripoti. Alinitaka niibadilishe, nikamwambia nakala mbili ziko mikononi mwa watu wengine. Nilitolewa kwenye kazi za nje, na kabla ya mwaka kwisha niliondoka. Siku hizi nafundisha mafundi vijana. Wanadhani nawachosha ninapowaambia wapime hata chuma wanachojua kimezimwa, na wasitie tiki mbele ya kitu ambacho mikono yao haikukigusa. Katika safari ile nilijifunza kwamba sahihi ni kazi kama kazi nyingine. Ukiifanya vibaya, kuna mtu itamwangukia, na mara nyingi si wewe.

Miezi kadhaa baadaye nilipata barua kutoka Kinole, mwandiko wa mtoto wa shule, maneno ya baba yake. Baada ya salamu iliandikwa hivi: "Yule mama wa Ngerengere alikuja. Tulimpokea. Alikaa siku mbili, akamsaidia mke wangu kubandua mdalasini. Hatukusema mengi. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye lori."